Mama Shikilia na Stuli ya Pili

Kabla hatujamkabidhi kwa ardhi, familia imeomba robo saa. Ni kipimo chake mwenyewe. Kwa miaka thelathini na minane marehemu alijitengea robo saa kila siku, na hakuna aliyefaulu kumwongezea wala kumpunguzia. Wasifu huu umeandikwa na kitinda mimba wake, naye ndiye anayeusoma. Humu atajitaja kama mtu mwingine, kwa kuwa alijaribu kuusoma kwa kusema "mimi" akashindwa kuvuka ukurasa wa kwanza. Tunaomba mmvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama aliyefua nguo za watu. Inasemekana alitoka kimya, akakaa kimya, na kwamba mkunga alimpiga kofi la kwanza, la pili, na la tatu ndipo akaachia sauti. Kisa hiki kimeongezewa chumvi katika kila harusi na kila msiba wa ukoo huu, hata leo hakuna ajuaye kama makofi yalikuwa matatu au kama yalikuwapo. Yeye mwenyewe alikipenda, kwa hiyo tumekiacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, 1965 hadi 1968. Alikuwa hodari wa fizikia na mbovu wa kuwapo. Hatumsengenyi, ni yeye aliyeitunza ripoti yake ya kidato cha pili, ambamo mwalimu wa darasa aliandika: "Ana akili nyingi, ila huziacha nje ya darasa." Baba yake alipoisoma alicheka, akamuuliza, "Sasa huwa unaziacha wapi, mwanangu?" Akajibu, "Sijui, baba." Lilikuwa jibu la kweli. Kati ya mwaka aliokwenda bweni na mwaka 1986 alipoteza miavuli kumi na tisa. Baba yake alimchongea mmoja mpini wa mti mzito ili ukimtoka mkononi aone pengo. Akaupoteza na huo.

Baada ya mafunzo ya upigaji picha za eksirei, aliripoti kazini Jumatatu tarehe 8 Januari 1973, katika hospitali ambayo hakuihama mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2010. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa kijani uliokwaruzwa na vitanda vya magurudumu. Ndani mlikuwa na mashine, ubao wa kusimamisha wagonjwa, aproni nzito ya madini ya risasi ya kukinga mionzi kwenye msumari wake, stuli za chuma, na kijichumba cha giza ambamo picha zililoweshwa kwenye dawa na kuanikwa kwa vibanio kama nguo za kitoto. Yeye alisimama nyuma ya kioo kinene, na kutoka hapo alitoa amri tatu: "Vuta pumzi. Shikilia. Achia." Mgonjwa akipumua katikati, picha hutoka na ukungu na kazi hurudiwa, ndiyo maana neno la kati alilitamka kama kamanda wa gwaride. Wagonjwa wakambandika jina la Mama Shikilia, nalo likamganda. Kuna barua zilizofika nyumbani kwetu zikiwa na jina hilo tu na jina la mtaa.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975 aliolewa na fundi redio aliyekuwa ameletwa kwake na kidole kilichovunjika. Mzee husema mpaka leo kwamba yeye ndiye mwanamume pekee aliyependwa kwa mifupa yake. Walijaliwa watoto watatu: kifungua mimba wa kiume mwaka 1976, binti wa kati mwaka 1979, na kitinda mimba wa kike mwaka 1984. Karakana ya redio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Redio tano au sita zilijaribiwa kwa wakati mmoja, kila moja na stesheni yake, na mama mkwe wa marehemu, aliyekuwa akiishi nao, aliongea kwa sauti ya kuzishinda zote. Nyumba ile haikujua kunyamaza. Marehemu aliishi humo miaka kumi na mmoja ya kwanza kama mtu anayepita, akiosha, akipika, akienda zamu, akirudi, na ukimuuliza jioni siku imekuwaje, alilazimika kukisia.

Sasa tunafika Alhamisi tarehe 8 Mei 1986. Asubuhi hiyo mama mkwe alionja chai, akasema mbele ya watu, "Chai ya huyu mwanamke ina harufu ya hospitali." Fundi redio akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka. Marehemu akatoka na kicheko hicho mpaka kazini, akakivaa pamoja na koti jeupe.

Saa nne hivi akaingia mgonjwa wa kikohozi, mzee mrefu aliyekuwa amepiga tarumbeta katika bendi kwa miaka ishirini na sita. Marehemu akamsimamisha kifua ubaoni, kidevu juu, mabega mbele, akaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Shikilia." Akabonyeza, mashine ikalia. Na hapo, baada ya saa tatu za kulitafuta, jibu la kumpa mama mkwe likamjia. Lilikuwa jibu kali kweli, naye akaanza kulinoa. Akalisema hivi, akaligeuza vile, akamwona mama mkwe akikosa la kujibu. Alichokuja kusikia baadaye ni kishindo cha mtu mzima anayeanguka sakafuni.

Alimkuta ameketi chini, mgongo ubaoni, midomo imebadilika rangi, anakohoa na kucheka kwa zamu.

"Mzee! Umepatwa na nini?"

"Sijasikia 'achia', mama."

"Sasa si ungeachia mwenyewe!"

"We si umeniambia nishikilie? Mimi nimepuliza miaka ishirini na sita chini ya mkono wa mkuu wa bendi. Mkono haujashuka, huachii." Akapangusa machozi. "Haya, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya kioo."

"Wapi bwana! Nimegeuza shingo nikakuona. Midomo inagombana na mtu. Mwili umeuacha hapa ukulindie mlango, mwenyewe umekwenda vitani."

Marehemu alicheka naye, akamketisha, akampa maji, akamwita daktari. Kisha akaingia kwenye kijichumba cha giza, akafunga mlango, akalia. Kifua kile kilikuwa kigonjwa. Mzee yule angeweza kufa kwa utii tu, wakati aliyempa amri yuko jikoni kwake akibishania chai. Mkuu wa kitengo alimwambia ayaache hayo, mgonjwa mwenyewe hajalalamika. Marehemu akafungua kitabu cha matukio, akaandika kwa mkono wake: "Nilisahau kumwambia mgonjwa aachie pumzi. Sikuwapo."

Jioni ile, saa kumi na moja na dakika kumi, zamu yake ilipokwisha, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliketi kwenye stuli mojawapo ya chuma, akatazama ukuta, akajiamuru mwenyewe kimoyomoyo: vuta pumzi, shikilia, achia. Kwa makadirio yake alikuwa amewaambia watu maneno hayo zaidi ya mara elfu tisini. Kujiambia, ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee wa tarumbeta alirudi wiki iliyofuata kuchukua majibu. Marehemu alimwomba radhi upya, kisha akamuuliza wapigaji hufanyaje mpaka pumzi ikawatosha. Mzee akamwambia, "Kabla hujapuliza unasikiliza kwanza humu ndani. Pumzi iko kiasi gani? Ina hofu? Ina hasira? Imechoka? Huigombezi, huibembelezi. Unaijua tu. Mtu hawezi kupuliza pumzi asiyojua kama anayo." Akaweka picha yake kwapani akaenda zake. Marehemu hakumwona tena, na jina lake hakulishika.

Hayo ndiyo yote aliyofundishwa, na aliyafanyia kazi maisha yake yote yaliyobaki. Kila siku saa kumi na moja na dakika kumi aliketi. Akivuta, alijiuliza: leo nilikuwa wapi? Akishikilia, alitazama kilichomo bila kukifukuza. Akiachia, kilichotaka kwenda alikiacha kiende, na kisichotaka alikiacha kikae. Mwishoni aliandika mstari mmoja katika daftari la shule. Mstari wa kwanza kabisa, wa tarehe 8 Mei 1986, unasema: "Ndani kumejaa watu. Mimi sijajiona." Wa mwezi uliofuata unasema: "Hasira ya leo iliamka kabla yangu. Ilikuwa tayari imevaa, inasubiri tu mtu wa kumwendea."

Nyumbani hakuna aliyeelewa. Siku za mapumziko aliketi uani nyuma ya nyumba, uso ukutani, na mumewe akadhani amenuniwa. Siku ya kwanza akamuuliza, "Nimekosa nini?" Akajibiwa, "Hujakosa." Hapo ndipo mzee alipoogopa hasa. Siku ya nne akatuma ujumbe kwa dada mkubwa wa marehemu, umbali wa safari ya siku nzima: njoo haraka, mdogo wako ameniwekea mgomo. Dada akaja na begi la wiki mbili na hotuba ya kupatanisha, akawakuta wanakula na kutaniana.

"Shemeji, mgomo uko wapi?"

"Subiri saa kumi na moja na dakika kumi, utauona."

Dada alisubiri, akauona, akamuuliza mdogo wake anafanya nini pale. Marehemu akamwambia, "Nasikiliza kama nipo." Dada akarudi kuripoti, "Shemeji, mkeo ni mzima. Wewe ndiye mwenye kelele." Kuanzia wiki ile fundi redio alizima redio zote kila siku ya mapumziko ilipofika saa kumi na moja na dakika kumi. Wateja wakawa wanauliza kama umeme umekatika. Yeye anawajibu, "Umeme upo. Mke wangu ndiye anayejiwasha."

Matunda hayakuja upesi, na mwanzoni yalikuwa ya aina ya kushangaza. Asubuhi moja, baada ya miezi kama minane, mama mkwe aliisema tena chai. Marehemu akavuta pumzi, akamwambia, "Ni kweli, mama. Mikono yangu inanuka dawa ya picha. Hebu itengeneze wewe, nami nitainywa." Bibi yule alikuwa amejiandaa kwa vita kwa miaka kumi na mmoja, akabaki ameshika kikombe. Tangu siku hiyo chai ya nyumba ile ikawa kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1999, na wawili hao wakainywa pamoja kila asubuhi wakicheka mambo ambayo hatukuambiwa. Kwa haki ya wote wawili lazima isemwe kwamba chai ya bibi ilikuwa mbaya zaidi.

Wasifu si kazi ya kumpaka mtu rangi. Marehemu hakuwa malaika. Wanaochelewa walimkera mpaka mwisho, na ukimwambia uko njiani wakati bado unaoga, alijua. Tofauti ni kwamba akikukaripia, alikuwa anakukaripia wewe, kwa kosa lako la siku hiyo, na likishaisha limeisha. Watoto wake wawili wakubwa wanakumbuka mama wa kabla na mama wa baada. Kitinda mimba anamkumbuka wa baada tu, na ndugu zake hawajamsamehe bahati hiyo. Kiongozi mmoja wa ibada aliwahi kumhoji kama kule kuketi ni dini nyingine. Akamwambia, "Nikisali naongea na Mungu. Nikiketi nahakikisha anayesali ni mimi." Na miavuli? Baada ya 1986 alipoteza miwili tu, na yote miwili aliweza kueleza alikuwa akiwaza nini alipoiacha.

Mwaka 1993 hospitali ilileta mashine mpya, na vitu vya zamani vikawekwa nje ya stoo. Marehemu aliomba stuli mbili za chuma za chumba chake akapewa. Akaziweka uani, upande kwa upande, zikitazama ukuta. Wageni waliuliza kwa nini ukuta, na si barabara. Aliwajibu, "Ukutani hakuna habari." Waliuliza pia kwa nini mbili. Alisema, "Huenda mtu akaja." Hakumwita mtu, hakumsihi mtu. Mumewe alikalia stuli ya pili mara tatu, na mara zote tatu alisinzia. Kifungua mimba aliitumia kuwekea ndoo. Binti wa kati alikaa siku moja, akatangaza kwamba ndani mwake hamna kitu, akaondoka akiwa ametulia kweli.

Kitinda mimba alikuwa na miaka tisa alipoikalia, miguu haifiki chini. Mama yake akamfundisha: vuta, shikilia, achia. Kisha akamuuliza taratibu, "Kuna nini humo leo?"

Mtoto akatafuta kwa bidii. "Njaa."

"Njaa tu?"

"Na nataka kucheka."

Mama hakumcheka. Alifungua daftari akaandika mistari miwili badala ya mmoja: "Mimi: uchovu, kiuno. Mtoto: njaa, na kicheko kinachosubiri." Mtoto akaisoma, akaona ametajwa kwenye kitabu cha mtu mzima, na kilichokuwa ndani kilitajwa kama kilivyokuwa, bila kusahihishwa. Hajawahi kuandikwa vizuri hivyo tangu hapo. Aliahidi atakaa kila siku. Alikaa siku sita. Ya saba kulikuwa na mchezo wa kuruka kamba.

Kisha akakua, akasoma, akapata kazi mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi, katika ofisi ambako kazi yake ni kuwaambia watu kwenye simu wasubiri kidogo. Ameifanya miaka kumi na minne. Kila alipokuja nyumbani alikuja na begi, na watoto, na simu, na saa kumi na moja na dakika kumi ilimkuta jikoni au dukani au kwa shoga yake. "Mama, safari ijayo nitakaa nawe." Mama alijibu, "Haya, mwanangu." Safari ijayo ikaja, ikaenda. Hakukuwa na ugomvi, wala ubaya, na hilo ndilo linalomuuma kitinda mimba kuliko yote: hakuna wa kumlaumu, siku zilikuwa nyingi na zote aliziona zake.

Mwaka 2022 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na ngazi tatu za mbele ya nyumba zikawa safari. Jumanne tarehe 15 Novemba alipigwa picha ya kifua katika chumba chake mwenyewe mwisho wa korido, na aliyempiga alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, sasa mkuu wa kitengo, aliyemwita Mama kama sisi. Kijana huyo mwenye mvi alimsimamisha ubaoni, akaenda nyuma ya kioo, na sauti haikutoka. Marehemu akangoja, kidevu juu. Mwishowe akajisemea mwenyewe, kwa sauti yake ile ile: "Vuta pumzi. Shikilia." Mashine ikalia. Akageuza shingo. "Haya, kijana, hilo la mwisho ni lako, nisije nikaangukia hapa." Mwanafunzi akasema, "Achia, Mama," na baadaye alituambia ndilo neno zito zaidi alilowahi kusema kazini. Picha ilionyesha moyo uliopanuka. Marehemu aliitazama kwenye mwanga kwa muda, akasema, "Nilikuwa nikiomba moyo mkubwa, lakini sikuwa na maana hii."

Alitumia dawa, akafuata masharti, akalazwa mara nne katika miaka miwili. Pumzi ikawa fupi, amri ya kati ikamshinda, lakini hakuacha kuketi. Daftari la mwaka huu lina mistari ya maneno mawili matatu. "Hofu. Imekaa kulia." "Maumivu, na ndege." "Leo nipo."

Jumapili tarehe 8 Septemba 2024 kitinda mimba alipiga simu wodini. Aliisikia pumzi ya mama yake kabla ya kusikia sauti.

"Mama, nimepata likizo. Jumamosi niko hapo. Safari hii nakaa, haki ya nani."

"Njoo. Stuli ina miguu minne, ila haina safari."

"Jumamosi, mama."

"Nimesikia. Na ule kwanza, maana nakujua."

Jumatatu asubuhi, saa tatu na robo, mumewe na binti wa kati walikuwa kando ya kitanda. Mzee alikuwa na redio ndogo mfukoni, inanong'ona. Alipoona pumzi zinapishana aliitoa ili aizime, kama alivyofanya miaka yote. Marehemu akafumbua macho. "Iache," alisema. "Naisikia vizuri." Mzee akaiweka juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio lake. Walikuwa wanasoma utabiri wa hali ya hewa. Marehemu alifariki kabla haujaisha, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, na wote wawili waliokuwapo wanasema hakuwa mahali pengine.

Kitinda mimba alifika Jumatatu hiyo jioni, siku tano kabla ya ahadi na saa tisa baada ya haja. Alikuta madaftari kabatini, arobaini na moja, yamefungwa kwa kamba ya kuanikia picha. Alitafuta jambo moja tu humo, na tunalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe ametaka lisemwe: alitaka kujua kama mama yake alikufa akiwa na kinyongo na stuli tupu. Alisoma usiku mzima na siku iliyofuata. Akakuta mstari wa mwaka 2009: "Nimegundua leo kwamba namngoja. Nilidhani naketi peke yangu, kumbe naketi na kule kumngoja. Si mwenzi mbaya." Wa mwaka 2017: "Wamekuja wote. Ameniambia safari ijayo. Nimeumia kidogo, upande wa kushoto, kisha pumzi tatu, kisha nikamsikia anacheka jikoni. Nikakaa na kicheko chake." Na wa mwisho kabisa, Jumapili tarehe 8 Septemba, mwandiko umelala: "Kasema Jumamosi. Nimefurahi kana kwamba ameshaketi. Asipowahi, aambiwe furaha hii nimekwisha kuipata."

Basi ameambiwa. Na bado ana hamu naye. Tangu Jumanne amekuwa akikaa uani kila jioni saa kumi na moja na dakika kumi, mzee akizima redio, na akitafuta ndani anakuta hamu tu, kutwa hamu, ya sauti ile ikimuuliza kuna nini humo leo. Hajaifukuza. Ameiandika katika ukurasa uliofuata wa daftari la arobaini na moja, kwa sababu kurasa zilikuwa zimebaki.

Marehemu ameacha mume, fundi redio, aliyeishi naye miaka arobaini na tisa; watoto watatu; wakwe watatu; wajukuu saba, ambao mdogo wao amekwisha kugundua kwamba stuli inazunguka; dada mkubwa, aliyekuja tena safari hii na begi la wiki mbili; wadogo wawili; mwanafunzi wake aliyesimama pale nyuma na wenzake wa chumba cha mlango wa kijani; na watu wengi sana, wengine wako hapa, ambao wakati mmoja wa maisha yao waliweka kifua ubaoni wakaambiwa na sauti ya mwanamke wasiyemwona kwamba washikilie.

Huenda mmejiuliza kwa nini msomaji wa wasifu huu amesoma ameketi. Hii anayoikalia ni stuli ya pili. Ile ya kwanza iko hapa kando yake, na leo hiyo ndiyo iliyo tupu. Ni Jumamosi tarehe 14 Septemba. Kitinda mimba alisema atakuja Jumamosi, mama, na amekuja, na amekula.

Robo saa yetu inakwisha. Tunawaomba mfanye naye mara moja, wote, kabla ya udongo. Vuta pumzi. Shikilia. Usiende popote, mtazame, na ukitazame kilichomo ndani yako juu yake, kama kilivyo. Sasa tumwambie neno lile ambalo siku moja yeye alilisahau, na ambalo sisi leo hatutalisahau.

Achia, mama. Pumzika kwa amani.